Sura ya Tisa: Meza ya Mguu Mmoja

Gari la kambi ni chumba kimoja chenye kazi za vyumba vitatu. Usiku ni mahali pa kulala, asubuhi ni jiko, mchana ni sebule, na saa yoyote linaweza kuwashwa likaondoka. Ndani ya chumba hicho, meza ndiyo inayobebeshwa mengi kuliko samani nyingine zote. Inatakiwa iwepo wakati wa kula, iondoke watu wakitaka kupita, ishuke iwe sehemu ya kitanda usiku ukiingia, na safari ikianza iwe imefungwa barabara isije ikaruka. Kwa sababu hizo watengenezaji wengi wameipa mguu mmoja tu, tena wa kung'oka. Na kwa sababu hizo hizo, ukikutana na watu wanaosafiri kwa magari haya, haichukui muda kabla hujasikia habari za meza inayotikisika.

Wapo wanaoliona hili jambo dogo. Mimi silioni hivyo. Meza isiyotulia inamwaga maji ya moto mapajani mwa mtu aliyebanwa kati ya kabati na dirisha, asiye na pa kukimbilia. Inamfanya mtoto aache kuchora. Mwenye gari naye huvumilia wiki ya kwanza, ya pili, halafu anaanza kula akiwa ameipakata sahani, na ile meza inabaki kuwa pa kutupia makoti. Gari lililogharimu mamilioni linapoteza nusu ya raha yake kwa ajili ya skrubu nne.

Tuanze na asili yake, maana ndiko ugonjwa ulikotokea. Aprili 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake gari lenye umbo la sanduku, dereva amekaa mbele kabisa na injini iko nyuma. Mchoro ule ukazaa basi dogo la Volkswagen, ambalo lilianza kutengenezwa kwa wingi Machi 1950. Ndugu zake wa baadaye ndio zile Kombi ambazo wazee wetu wanazikumbuka zikipeleka watalii mbugani, paa limeinuliwa na vichwa vimechomoza juu. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Wiedenbrück, Ujerumani, iliyokuwa imeanza karne moja kabla kama karakana ya mhunzi, ilitoa seti ya samani za kuwekwa ndani ya basi lile. Ijumaa fundi bomba alishusha vifaa vyake, akapakia samani, akaenda na familia yake ziwani. Jumatatu alizitoa akarudi kazini.

Samani za magari ya kambi zimerithi tabia hiyo mpaka leo, hata zile zisizong'olewa kamwe. Mbao zake ni nyembamba ili gari lisilemewe, na viungo vyake vimetengenezwa kuachana haraka. Kiungo kinachoachana haraka hupenda kulegea, na ubao mwembamba haushiki skrubu sawasawa. Meza nyingi zinazotikisika huugua moja kati ya hayo mawili, na nyingine huugua yote.

Tuiangalie meza iliyo ya kawaida zaidi. Mguu wake ni bomba la alumini au chuma lenye kipenyo cha karibu milimita 60. Ncha zake zote mbili zimepunguzwa unene kidogo kidogo, na kila ncha inazama katika kikombe cha chuma. Kikombe kimoja kimezamishwa sakafuni, cha pili kimefungwa kwa skrubu chini ya ubao wa meza. Hakuna pini wala nati. Kinachoushika mguu ni kule kubanana tu: kadiri ubao unavyosukumwa chini, ncha inazidi kujikaza ndani ya kikombe, kwa kuwa ni kabari iliyochongwa duara. Kanuni hii imepimwa vya kutosha. Stephen Morse wa Massachusetts aliitumia katika miaka ya 1860 kushikia biti za kutobolea chuma, na mashine kubwa za kutoboa hadi leo zinatumia ncha zenye jina lake. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mguu wa kuchomeka ni kazi mbovu. Ukiwa safi na ukikaa sawasawa, unashika vizuri sana.

Shida inaanza chuma kikishalika. Tuseme ndani ya kikombe chenye kina cha sentimita 5 kuna nafasi ya nusu milimita tu, upana wa mstari mmoja wa kalamu. Nafasi hiyo inauruhusu mguu ulale kidogo upande mmoja, milimita moja kwa kila milimita 100 za urefu wake. Mguu una sentimita 70, kwa hiyo kule juu ubao tayari umesogea milimita 7. Kikombe cha juu kikiwa na nafasi kama hiyo, ongeza mtikisiko mwingine juu ya huo. Hapo chai inamwagika, na bado ukiinama kutazama kule chini huoni kasoro yoyote. Macho hayatoshi kwa kazi hii.

Fundi mmoja wa Arusha aliwahi kunionyesha njia yake, na sijaona inayoishinda. Mbele yake kulikuwa na Hiace iliyogeuzwa gari la kambi, na mwenye gari, mama wa makamo, alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba mguu wa meza umepinda na lazima uagizwe mpya.

"Mama, karibu ukae," fundi akamwambia. "Chukua kalamu hii, andika jina lako. Ukimaliza, andika la baba yako."

"Niandike kweli, fundi?"

"Andika, mama. Usinitazame mimi."

Yeye akapiga magoti, akaweka ncha ya kidole cha shahada kwenye mpaka wa kikombe cha sakafuni, nusu ya kidole ikigusa kikombe na nusu ikigusa mguu. Akangoja kidogo. Akahamisha kidole mpaka kati ya kikombe na mbao za sakafu, akangoja tena. Kisha akapanda juu: mguu na kikombe cha pili, halafu kikombe na ubao. Hapo akatulia. Akaomba tochi, akauchukua mkono wa yule mama akauweka pale pale.

"Mguu hauna kosa lolote. Sikia hapa panavyocheza."

Kikombe cha juu kilikuwa kinaachana na ubao kila kalamu ilipobonyea, kinaacha mwanya wa kuingiza ukucha, kisha kinarudi. Skrubu zake zilionekana zimekaza. Kumbe zilikuwa zimeshika unga wa mbao tu.

Kidole kilichowekwa kati ya vitu viwili kinahisi mwendo ambao jicho haliuoni, na mafundi wa magari hutumia mbinu hiyo hiyo kutafuta bolijoint iliyokufa. Meza ya mguu mmoja ina mahali panne pa kugusa: sakafu na kikombe, kikombe na mguu, mguu na kikombe cha juu, kikombe cha juu na ubao. Mpe mtu kazi ya kuandika au kukata mkate juu yake, nawe gusa pote panne. Usinunue kitu na usitoboe tundu kabla ya kupata jibu. Fedha nyingi zimepotea kwa kununua miguu mipya ya kuchomeka kwenye vikombe vilivyokuwa vinacheza wenyewe.

Mchezo ukiwa kati ya mguu na kikombe, anza kwa kusafisha. Mchanga wa pwani ukiingia ndani ya kikombe unauzuia mguu usizame hadi mwisho, na kila ukiuzungusha unakwangua chuma. Futa kikombe na ncha kwa kitambaa chenye spiriti, kausha, kisha sukuma mguu ndani huku ukiuzungusha robo mzunguko. Meza nyingi zinapona hapo hapo. Usipake mafuta wala grisi kamwe. Najua mkono wa mtu aliyezoea mashine unakimbilia kopo la grisi, lakini hapa msuguano ndio unaofanya kazi, na grisi inauua. Mguu ukigoma kutoka, uzungushe kama unayefungua kifuniko cha mtungi huku mwenzako akiuinua ubao. Nyundo inaivimbisha ncha, na ncha iliyovimba haitakaa sawa tena.

Ikiwa chuma kimelika kweli, kata ukanda mwembamba wa alumini kwenye kopo la soda, uuzungushe kwenye ncha mara moja tu bila kupandana, kisha uchomeke. Unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kimepungua. Wengi wetu tungekimbilia ukanda wa tyubu ya baiskeli, maana ndiyo dawa ya kila kitu huku kwetu. Kwa kazi hii simshauri mtu. Mpira unajaza nafasi lakini wenyewe unanepa, kwa hiyo meza inaacha kugonga na inaanza kuyumba. Kikombe kilichopata ufa au kupoteza duara lake kibadilishwe. Hakuna ukanda utakaokiokoa.

Kikombe cha juu, kile cha yule mama wa Arusha, kinastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo nguvu kubwa hukutana na ubao dhaifu. Mtu anapoegemeza kiwiko chenye uzito wa kilo 10 kwenye ukingo wa meza, sentimita 40 kutoka mguuni, kikombe chenye upana wa sentimita 16 kinajaribu kubenuka. Skrubu za upande wa pili zinavutwa kwa zaidi ya kilo 20. Kwenye mbao ngumu ya mninga hilo si neno. Lakini meza hizi kwa kawaida ni chipbodi au plaiwudi ya milimita 15, na skrubu inaingia milimita 12 tu, isije ikatokeza juu. Chipbodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Skrubu ikishachezacheza ndani yake, tundu linageuka unga, na kuikaza tena ni kuizungusha bure. Skrubu nene zaidi inakununulia mwezi mmoja au miwili tu.

Dawa yenyewe ni kutandaza ule mzigo. Toa kikombe. Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 18, mraba wa sentimita 30 hivi, na uviringe kingo zake zisije zikakwaruza magoti. Ondoa rangi au plastiki chini ya meza kwa msasa hadi mbao yenyewe ionekane, kwa sababu gundi ya mbao haishiki plastiki. Paka gundi pande zote mbili, bana kwa vibanio au kwa mawe mazito, na uache siku nzima. Gundi hiyo inashika eneo lote la sentimita za mraba 900, si matundu manne. Kisha funga kikombe kwenye kipande kipya kwa skrubu za milimita 5 zenye urefu wa milimita 25, ukitanguliza tundu la milimita 3 kwa kila moja. Anayetaka kumaliza kabisa apitishe bolti za M6 kutoka juu, vichwa vilivyolala sawa na uso wa meza na nati kwa chini. Vitaonekana, ndiyo. Mimi napenda vionekane, kwa sababu mtu atakayeirekebisha meza hiyo baada ya miaka 15 ataelewa mara moja ilivyoshikwa.

Mchezo ukiwa kati ya kikombe cha chini na sakafu, bolti zinafaa pia, lakini bolti za sakafuni zina hatari zake. Chini ya sakafu ya gari hupita mabomba ya breki, nyaya, mara nyingine bomba la gesi ya jiko, na tangi la mafuta haliko mbali. Ingia uvunguni kwanza na tochi, upime kutoka alama inayoonekana pande zote mbili, mathalani ukingo wa mlango. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kutoboa, halafu ndipo uwashe drili. Tundu likishapatikana, lipake rangi ya kuzuia kutu, ulizibe kwa gundi ya mpira inayotumika kwenye vioo vya magari, na chini yake uweke bamba la chuma au washa pana. Bati la sakafu ni jembamba, na nati ndogo inalibonyeza likawa bonde. Kama pana hata shaka kidogo kuhusu kilichoko chini, mlipe fundi wa magari atoboe yeye. Breki ni uhai.

Mtu anaweza kufanya yote haya vizuri, akasafiri siku moja kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, na jioni akakuta bolti zimelegea. Mjerumani Gerhard Junker alieleza sababu yake mwaka 1969. Alionyesha kwamba bolti hulegea zaidi pale vitu vilivyoungwa vinapotelezeana kwa pembeni, huku na huku, kuliko vinapovutwa kwa kufuata urefu wa bolti. Kila vikiteleza, nyuzi za bolti nazo hupoteza mshiko kwa nukta ndogo ya wakati, na nati hurudi nyuma kidogo. Barabara mbovu inafanya hivyo maelfu ya mara kwa saa. Majaribio ya namna ya Junker yameiaibisha pia washa ya springi, ile iliyokatwa ikajipinda, ambayo karibu kila duka la vifaa litakushauri uinunue. Haizuii kulegea kwa pembeni. Nunua nati yenye pete ya plastiki ndani, au tia kwenye nyuzi tone la ile gundi maalumu iliyobuniwa na Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Hartford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na ukaze vya kutosha vitu visiweze kuteleza kabisa, maana mshiko ndio kinga ya kwanza.

Sasa niseme ninaloliamini kuliko mengine yote katika sura hii. Hata mguu ulio salama, vikombe vipya, bolti na gundi, bado unabaki kuwa mguu mmoja, na jifya moja haliinjiki chungu. Meza inayosimama katikati ya gari bila kugusa kitu kingine itayumba kidogo daima, kwa kuwa bomba lenyewe linanepa na sakafu inanepa. Ipe mahali pa pili pa kushikia, na mahali hapo pawe kwenye ubavu wa gari. Fungia reli ya alumini kwenye kabati au ukutani chini ya dirisha, na kwenye ukingo wa meza weka kulabu ndefu ya kuingia kwenye reli hiyo. Ubao uliokamatwa kwa urefu wa nusu mita upande mmoja, na mguu upande wa pili, hauna namna ya kuzunguka, na unapata shida sana kubenuka. Mguu mwembamba ulioambatana na reli unaushinda mguu mnene uliosimama peke yake, na gharama ni ndogo. Kama kuna mlio wa kugonga kati ya kulabu na reli, bandika utepe wa sufu ndani yake. Angalia tu kwamba ukuta unaofungia reli una mbao au chuma nyuma yake. Plastiki ya urembo haibebi mzigo.

Kabla ya kutoboa ukuta, teremsha meza hadi kimo cha kitanda uone kama reli itazuia godoro. Wengi hulikumbuka hilo usiku, godoro likiwa limeshagoma kulala sawa. Mguu wa pili wa kukunja ni njia nyingine, lakini siipendi sana. Unapunguza nafasi ya magoti, na ukiamka usiku kwenda chooni ndio utakaokukwaza. Zile meza zenye mkono wa kuzunguka wenye viungo viwili ni nzuri kwa anayekula peke yake na kompyuta yake, ila kila kiungo kinaongeza mchezo wake juu ya kilichotangulia. Kwa familia ya watu wanne hazifai, hata muuzaji akisema nini.

Kuna meza ambazo hazina ugonjwa wowote, gari ndilo linaloyumba. Gari limekaa juu ya springi na matairi yenye upepo, na mtu akigeuka kitandani lote linacheza. Weka glasi ya maji mezani na nyingine sakafuni, mtu atembee ndani. Maji ya glasi zote mbili yakitetema pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, iache meza yako. Weka jeki mbili za kona nyuma ya gari, zikaze mpaka zibebe sehemu ya uzito bila kuinua matairi, na utashangaa jinsi ndani kunavyotulia. Ukila nje kwa meza ya kukunja ya miguu minne, na uwanja una mabonde, zungusha meza taratibu pale ilipo. Kama ni ya mraba na miguu yake iko sawa, kabla hujamaliza robo mzunguko utapata pembe ambayo miguu yote minne inagusa chini. Wanahisabati wamelithibitisha hilo kwa ardhi isiyo na miteremko mikali.

Gari likitembea, meza isibaki imesimama katikati. Ubao wa kilo 8 unaorushwa kwa breki za ghafla unaweza kumvunja mtu shingo, kwa hiyo ung'oe kila mara na uufunge kwa mkanda, au uuteremshe mahali pake pa kitanda na kuukaza. Kikombe cha sakafuni nacho kizibwe kwa kifuniko chake ili mchanga usiingie.

Weka spana namba 10, bisibisi na kipande cha msasa kwenye droo iliyo karibu na meza, si kwenye sanduku la vifaa kule nyuma ya mizigo. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbovu, simamisha gari, piga magoti, pitisha kidole pale mahali panne, na ukaze palipolegea. Rudia mwanzo wa kila safari ndefu. Ni kazi ya dakika tano.